Kitanda Kisichotoka Chumbani

Kitanda hicho hakikuwahi kupita mlangoni. Jerko alikiundia humohumo chumbani, majira ya baridi aliyomwoa Dobrila, akipandisha mbao za mberoshi mojamoja kwa ngazi ya mawe iliyo nje ya nyumba. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba ni kipana kuliko mlango na kuliko dirisha. Alikuwa fundi wa mashua, na mafundi wenzake wakamcheka mwaka mzima. Yeye akawajibu kwamba kitanda si mashua, hakina safari ya kwenda.

Dobrila alimzaa binti yao Zdenka katika kitanda hicho. Mama mkwe wake alikata roho humo, akiitazama bahari hadi dakika ya mwisho. Nyumba ile haikuwa na mtu aliyekuwa na shaka juu ya mahali atakapofia Jerko.

Lakini Sutlovre ni kijiji cha wageni. Juni ikishaingia, watu wa Sutlovre huwaachia wageni vitanda vyao na kushuka chini, kwenye konoba, ghala la mawe lililo chini ya kila nyumba, wakalala kwenye vitanda vya kukunja kati ya mapipa ya mvinyo na mitungi ya mafuta ya zeituni. Huko ndiko hupika, huugua na kugombana, na yote hayo kwa sauti ya chini. Watoto hufundishwa kunong'ona kabla hawajafundishwa kuogelea. Juu, madirishani, nyuso nyekundu za watu wa kaskazini huitazama bahari na kusema kwamba hapa ni kimya, kimya cha ajabu. Katikati ya Septemba wenyewe hupanda tena, hufungua madirisha, hugeuza magodoro, na kwa usiku mbili tatu hulala vibaya, kama watu walioingia nyumba isiyo yao.

Jerko aliugua Julai. Kufikia Agosti mapafu yake yalikuwa yamekwisha, na daktari alimwambia Dobrila hivyo kando ya gari, mlango ukiwa wazi na injini ikiunguruma. Juu, katika chumba cha kitanda kile, walikuwa Bohumil na Libushe kutoka Brno, Wacheki waliokuwa wakija tangu Zdenka akiwa mtoto wa shule, wiki ileile kila mwaka.

"Dobrila," Jerko alisema Jumatatu, "hebu nipandishe juu."

"Ngoja Jumamosi."

"Jumamosi wanakuja wengine."

"Wale wanaondoka saa nne asubuhi. Wengine wanafika saa nane mchana. Utakuwa na kitanda chako saa nne nzima."

Alisema hivyo kwa nia njema, tena kwa furaha, kama mtu aliyepata ufumbuzi. Alikuwa ameshapanga ni nani angemshika miguu na nani mabega. Jerko alimtazama, akasema sawa. Alhamisi alfajiri, kabla duka la mikate halijafunguliwa, alikufa kwenye kitanda cha kukunja, uso ukiwa umeelekea pipa.

Yaliyofuata Dobrila aliyafanya kama mwanamke yeyote wa Sutlovre angeyafanya mwezi wa Agosti. Jerko alitolewa kwa mlango wa nyuma, upande wa mtini, wageni wakiwa bado wamelala. Padri hakugonga kengele. Ile karatasi yenye ukingo mweusi, inayobandikwa ubaoni kando ya duka la mikate kila anapokufa mtu, haikubandikwa mpaka Jumapili. Alhamisi na Ijumaa Dobrila alivaa gauni lake la maua, akapeleka kahawa juu, akasema Jerko amepelekwa hospitali, mjini Split. Jumamosi saa moja asubuhi alivaa nguo nyeusi, akazika. Saa tatu alivaa tena la maua ili awaage Wacheki. Bohumil aliushika mkono wake muda mrefu kuliko kawaida. Saa nane akawapokea Wajerumani.

Hakuna aliyemlaumu. Wanawake walimsifu, wakasema amejikaza, wageni hawakuhisi kitu. Mwaka uliofuata aliwaambia Wacheki kwamba Jerko alikufa vuli. Waliinamisha vichwa.

Tangu mwaka ule hakulala tena juu. Septemba ilifika, wageni wakaisha, akapanda na ndoo na vitambaa, akasafisha chumba, akafunga vibao vya madirisha, akashuka. Alisema magoti yanamuuma. Alisema chini kuna joto zaidi, uongo ambao hata paka hakuuamini, kwa kuwa Januari upepo wa bura unaposhuka mlimani konoba huwa kama kisima. Majira kumi na moja ya baridi alilala kwenye kitanda kilekile cha kukunja.

"Unajihifadhi kama jibini," jirani yake Tonka alimwambia. Tonka alikuwa mjane tangu zamani, na alikuwa na desturi ya kuongea huku akiangalia pembeni, kama anayetafuta mtu mwingine wa kumsema. "Siku moja tutakuja kukukata vipande."

Jambo ambalo Dobrila hakumwambia Tonka, wala Zdenka, wala padri, ni kwamba chini hakukuwa na utulivu.

Ilikuwa mchana, siku zote mchana, yapata saa nane, wakati kijiji kimelala baada ya chakula. Miezi ya baridi, nyumba tupu, yeye amekaa kando ya jiko anachambua dengu, husikia hatua kwenye ngazi ya nje. Moja. Kimya kirefu. Nyingine. Kimya. Kulikuwa na vidato kumi na saba, na hatua zilikuwa kumi na saba, na kiganja kikiburuzwa ukutani. Mwanzoni alitoka mbio kuangalia. Ngazi ilikuwa tupu, na jua la baridi juu yake. Baadaye aliacha kutoka, akawa anahesabu tu. Kilichomtisha si kwamba hatua zilipanda. Kilichomtisha ni kwamba hazikushuka kamwe. Miaka kumi na moja zilipanda, na hata mara moja hazikurudi, mpaka ikamjia kwamba chumba cha juu lazima kiwe kimejaa.

Halafu kulikuwa na harufu. Katikati ya Februari, siku ambayo hapakuwa na mgeni hata mmoja pwani nzima, konoba ilinuka mafuta ya jua, yale mafuta mazito ya nazi ambayo wageni hujipaka kabla ya kujianika juu ya mawe ya ufukweni. Aliosha sakafu kwa siki. Alitupa blanketi. Harufu ilikaa siku moja au mbili, ikaondoka yenyewe. Kiangazi, mgeni aliyejipaka mafuta hayo akipita karibu naye kwenye ngazi, Dobrila alilazimika kushika ukuta.

Mwaka wa kumi na moja Zdenka alikuja kutoka Split na karatasi ya michoro. Konoba itavunjwa sakafu, itawekwa bafu, jiko jipya na taa ukutani. Wageni wa siku hizi wanazipenda konoba, wanataka kulala kati ya mawe, alisema, na watu wa Sutlovre waliolala humo miaka hamsini kwa kukosa pa kwenda walikuwa wakicheka hadi kutoka machozi. Mafundi wangefika tarehe kumi Oktoba.

"Basi mama utarudi chumbani kwako," Zdenka alisema. "Juu hatupangishi tena. Ni pako."

"Magoti yangu."

"Magoti yako yanapanda ngazi hiyo mara ishirini kwa siku na mashuka mkononi."

Zdenka akasubiri, kisha akasema kwa upole kwamba kama ni hivyo kuna chumba kwake Split, ghorofa ya sita, cha upande wa ua. Akamwekea mama yake mawili tu: juu, au Split. Dobrila alikuwa amelala Split usiku tisa katika maisha yake yote, na usiku zote tisa hakufumba jicho. Lakini alipojiuliza kama anaweza kulala katika kitanda kile, alimwona Jerko amekaa ukingoni, na nyuma yake Jerko wengine, na wote wakimngoja yeye aseme Jumamosi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Agosti Libushe alipofika peke yake.

Alishuka kwenye basi na sanduku moja. Bohumil alikufa Aprili, alisema, usingizini, nyumbani. Alilisema neno nyumbani taratibu, huku akimtazama Dobrila. Alikuwa amepungua mwili, na miguu yake ilitetemeka kidogo kwenye ngazi, lakini hakukubali kubebewa sanduku. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa ameokota lugha ya Sutlovre kama anavyookota mawe ufukweni, hapa moja, pale moja, na mapengo aliyaziba kwa Kicheki.

Tonka aliona yote kutoka dirishani kwake. "Sasa mko sawa," alimwambia Dobrila walipokutana kwenye duka la mikate. "Mjane juu, mjane chini. Mngelala pamoja mkapunguza mashuka."

Siku tatu Libushe hakwenda baharini. Alikaa chumbani, vibao vya dirisha vimefungwa nusu, na Dobrila akiwa chini aliusikia ukimya wake kama mtu anavyosikia saa iliyosimama. Siku ya nne, Jumatano, kijiji kikiwa kimelala baada ya chakula, alisikia jina lake likiitwa kwa upole kutoka juu ya ngazi.

Alipanda. Libushe alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha. Alimwonyesha kitanda.

"Keti, Dobrila."

"Nitasimama tu."

"Keti, tafadhali. Nina jambo la Bohumil. Aliahidi, akashika ahadi mpaka mwisho. Mimi sikuahidi. Nilinyamaza tu kwa ajili yake."

Dobrila aliketi ukingoni, mahali padogo kabisa, kama anayeogopa kukunjamanisha shuka la mtu.

"Mume wako alipanda humu," Libushe alisema. "Mwaka ule. Siku moja kabla."

"Kabla ya nini?"

Wakatazamana, na Dobrila akafahamu kwamba uongo wake wa miaka kumi na moja, hospitali ya Split, vuli, gauni la maua, haukuwa umemdanganya mtu.

"Tulikuwa tunasikia kikohozi chake usiku, kupitia sakafu," Libushe alisema. "Alhamisi kikakoma. Bohumil alitaka kushuka. Nikamwambia, hapana, akileta kahawa tutakunywa, asipoleta tutashuka. Ukaleta. Basi tukanywa."

"Jerko hakuweza kusimama," Dobrila alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza."

"Hata sisi tulidhani hivyo. Jumatano ulikwenda mjini kwa basi kuchukua dawa. Saa nane hivi. Tulisikia mtu kwenye ngazi. Hatua moja, halafu hakuna kitu, halafu nyingine. Tulidhani ni mtu amebeba kitu kizito. Bohumil akafungua. Alikuwa na kaptula ya kuogelea, amejipaka mafuta mwili mzima, tunajiandaa kwenda ufukweni. Na mume wako amesimama hapo, ameshika ukuta. Unajua alisema nini? Alisema samahani bwana, nimekuja kuangalia bawaba za dirisha."

Dobrila aliutazama mlango.

"Akaja mpaka hapa, akazigusa bawaba, kweli akazigusa, ya juu na ya chini. Akasema ziko vizuri. Halafu akakitazama kitanda. Hakuomba, Dobrila. Bohumil ndiye aliyefunua shuka."

Alilala saa nzima, Libushe alisimulia. Aliomba vibao vya dirisha vifungwe nusu ili mwanga uingie kwa mistari. Wao wawili walikaa kwenye ngazi nje, kama watoto waliofukuzwa darasani, wakila tikiti maji na kutema mbegu kwenye maua ya Tonka. Waliposikia amekohoa waliingia. Alikuwa na rangi kidogo usoni. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba mke wake asijue.

"Kwa nini?" Dobrila aliuliza.

"Alisema utaona aibu mbele yetu. Na kwamba tukikuambia, mwaka unaofuata utatulaza bure, na mwaka wa tatu utatupatia hata nyumba. Alicheka. Bohumil akampa mkono." Libushe alifuta mdomo kwa leso, ingawa hakuwa amekula kitu. "Hakuweza kushuka mwenyewe. Bohumil alimbeba mgongoni. Akamlaza kule chini, akamchana nywele kwa kitana chake mwenyewe, ili usijue."

Dobrila alikumbuka nywele zile. Aliporudi na dawa alimkuta Jerko amelala kwa utulivu, nywele zimechanwa upande usio wake, na alipoinama kumfunika, shati lake kifuani lilinuka mafuta ya jua. Alidhani ni taulo za wageni zilizokuwa zimeanikwa karibu. Akafungua mlango wa nyuma hewa ipite. Hakuwaza zaidi ya zile taulo.

"Alilala upande gani?" aliuliza.

"Upande wa dirisha."

"Huo ni upande wangu."

Libushe aligeuka, akakitazama kitanda.

Dobrila aliinuka, akasema asante, akashuka vidato kumi na saba bila kushika ukuta. Kesho yake hakupeleka kahawa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kupokea wageni. Alikaa konoba mlango umefungwa, na alichokihisi si faraja, kama pengine Libushe alivyotumaini. Alikuwa na hasira. Jerko aliweza kuwaendea watu wa Brno. Kwa watu wa Brno hakungoja Jumamosi. Yeye, aliyelala ubavuni pake miaka arobaini na miwili, Jerko alimwambia mara moja tu, akakubali, kisha akangoja basi limchukue mkewe ndipo akamtoroka kwa kupanda ngazi ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Na alimfanyia hisani hiyo ili asione aibu. Alijua jinsi ambavyo angeona aibu. Alimjua hivyo, mwanamke ambaye mbele ya mgeni angeweza kumgeuza mumewe uso kuelekea pipa.

Alasiri Tonka aligonga, akaingia bila kuitwa. Alisema Mcheki amekuja dukani mwenyewe kununua kahawa, kijiji kizima kimemwona, kuna nini. Dobrila akamwambia. Alimwambia yote, hata habari za hatua, hata harufu. Tonka alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni.

"Ndiyo maana hazishuki," Tonka alisema mwishowe. "Alishuka kwa miguu ya mtu mwingine."

Wakakaa. Nje wageni walikuwa wanarudi kutoka ufukweni, ndala zikipiga mawe.

"Na mbegu zile za tikiti," Tonka akasema. "Mwaka ule tikiti liliota katikati ya maua yangu. Nikamlaumu mjukuu wangu."

Jumamosi Dobrila alimsindikiza Libushe kituoni. Alibeba sanduku, na safari hii Libushe aliliachia. Hawakuzungumzia chumba. Waliongea kuhusu dawa za presha na basi lililochelewa. Basi lilipotokea kwenye kona Dobrila alisema, bila kumtazama, "Aliniambia Jumatatu. Nikamwambia angoje."

"Najua," Libushe alisema. "Kwenye sakafu ile kila kitu kinasikika."

Kisha akapanda basi, polepole, na wote wawili walijua kwamba hatarudi.

Mafundi walifika tarehe kumi Oktoba saa moja asubuhi, vijana wawili wa bara, wakaanza kutoa mapipa. Zdenka alikuja nao. Aliuliza mara moja tu sanduku la mama lipelekwe wapi, kwenye gari au juu. Dobrila alisema ngoja, na papo hapo alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Akalichukua sanduku mwenyewe, akapanda.

Saa nane mafundi walikaa chini ya mtini kula mkate na paja la nguruwe lililokaushwa. Kijiji kilinyamaza. Dobrila alivifunga vibao vya dirisha nusu, mwanga ukaingia kwa mistari. Aliuacha mlango wa ngazini wazi kabisa, ingawa upepo ulikuwa umeanza kuwa baridi. Akavua viatu. Alikizunguka kitanda, akalala upande wa ukutani, upande ambao hakuwahi kulala hata siku moja, kwenye bonde ambalo uzito wa Jerko ulichimba katika mbao, na ambalo magodoro mapya matatu hayakuweza kulificha. Upande wa dirisha akauacha mtupu, shuka likiwa limefunuliwa.

Alikuwa bado ana hasira. Alimwambia Jerko hivyo, kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, kwa kuwa hapakuwa na mgeni wa kusikia.

Kisha akaitegea ngazi sikio, akaweka mkono wake kwenye shuka baridi, akaanza kuhesabu.